Sangara, nyavu au maji? Kesi ya uhai wa Ziwa Victoria

Ukiuliza kwenye mialo ya Ghuba ya Mwanza, kuanzia Kamanga upande wa Sengerema hadi Mwaloni Kirumba jijini, hali ya ziwa ikoje, utapewa majibu yasiyopatana. Wenye viwanda vya minofu wanasema sangara wamepungua. Wachuuzi wa dagaa wanapakia malori kwenda Kongo na hawaoni upungufu wowote. Furu, samaki wadogo ambao kwa miaka mingi tuliambiwa wamemalizwa, wameonekana tena sokoni. Wafugaji wa samaki kwenye vizimba wanahesabu sato waliokufa baada ya usiku mmoja wa dhoruba, na abiria wa vivuko wanayaona magugu maji yakirudi pale yalipodhaniwa yameshindwa.

Basi ziwa linakufa au linastawi? Na kama linakufa, mkosaji ni nani? Zipo hoja nne zinazogombania jibu, na kila moja ina ushahidi wake. Tatizo ni kwamba kila moja huchukua kipande cha mnyororo na kukiita mnyororo mzima. Makala haya yanazieleza zote nne, yanaonyesha nguvu na udhaifu wa kila moja, kisha yanazipima kwa swali moja: wenye mamlaka na wenye ziwa waanze kutia nguvu wapi?

Ziwa lilivyokuwa

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilometa za mraba 68,800, lakini ni la kina kifupi: wastani wa mita 40, na pale penye kina kikubwa ni kama mita 80 tu. Karibu asilimia 80 ya maji yake huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya maji hayo huondoka kwa mvuke. Mlango pekee wa kutokea ni Mto Nile, pale Jinja. Kwa hiyo kinachoingia ziwani hukaa humo muda mrefu sana kabla ya kusukumwa nje.

Wanasayansi wengi wanakubaliana kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, kisha likajaa upya. Katika muda huo, ambao ni mfupi mno kwa hesabu ya viumbe, furu waligawanyika na kuwa spishi zaidi ya 500. Wapo waliokula mwani, waliochokonoa tope, waliovunja konokono na waliowinda wadudu wa majini. Wengine walikula mayai na watoto wa samaki wenzao. Wale wa kwenye miamba, ambao Wasukuma huwaita mbipi, walitofautiana hata kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Mmojawapo, mwenye dume jekundu, alipewa na wanasayansi jina la Mwalimu Nyerere: *Pundamilia nyererei*.

Mgawanyo huu wa kazi ndio uliolishikilia ziwa. Mwani ulipoota, kulikuwa na wa kuula. Uchafu uliposhuka chini, kulikuwa na wa kuuchambua. Hadi katikati ya miaka ya 1970 furu walikuwa zaidi ya robo tatu ya uzito wa samaki wote wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa. Pamoja nao walikuwepo ngege, ningu, hongwe, kamongo, mumi, gogogo na domodomo, kila mmoja na makazi yake.

Hata hivyo, ziwa la wakati huo halikuwa bustani ambayo haijaguswa. Nyavu za kutegesha za kizungu ziliingia mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 na 1928 serikali ya kikoloni ilimtuma Michael Graham kuchunguza kwa nini ngege walikuwa wanapungua. Ningu, ambaye hupanda mito kwenda kutaga, alikwishadhoofika kwa nyavu zilizowekwa midomoni mwa mito. Mabadiliko yalianza kabla sangara hajafika.

Miaka 25 ya ukimya

Sangara aliletwa miaka ya 1950 kutoka Ziwa Albert. Kuwekwa kwake kwenye maji ya Uganda kunarudi nyuma hadi 1954, na wengine waliongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sato naye aliingizwa katika kipindi hicho. Kusudi lilikuwa kugeuza furu wadogo, wenye mifupa mingi na bei ndogo, kuwa nyama ya samaki mkubwa anayeuzika.

Kwa takriban miaka 25 hakuna kikubwa kilichoonekana. Mlipuko wa sangara ulianza upande wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, ukafika Uganda, na kwenye Ghuba ya Mwanza ulitokea kati ya 1983 na 1987. Bahati ni kwamba kulikuwa na waliokuwa wakihesabu. Kuanzia 1977 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, akiwemo Frans Witte, lilikuwa likivua kwa ajili ya utafiti kwenye ghuba hii, na baadaye likashirikiana na taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, iliyoanzishwa 1980. Walikuja kuwapa furu majina, wakajikuta wanaandika kumbukumbu za kutoweka kwao. Mwaka 1992 Witte na wenzake walikadiria kuwa spishi 200 hivi, kati ya zaidi ya 300 zilizokuwa zikijulikana, zimetoweka au ziko ukingoni.

Swali ambalo mijadala mingi huliruka ni hili: kama sangara ni mlafi kiasi hicho, kwa nini alisubiri miaka 25?

Hoja ya kwanza: sangara ndiye aliyeharibu

Hii ndiyo hoja inayofahamika zaidi, na ndiyo iliyobebwa duniani na filamu *Darwin's Nightmare* ya 2004, iliyopigwa Mwanza na kuleta mzozo mkubwa nchini.

Nguvu yake ni kwamba nyakati zinalingana. Popote sangara walipolipuka, furu waliporomoka ndani ya miaka michache. Matumbo ya sangara yalisema wazi: kwanza yalijaa furu, na furu walipokwisha yakajaa uduvi, dagaa na watoto wa sangara wenyewe. Mabadiliko yakafika hadi kwa ndege. Kwenye ghuba hii mdiria, aliyezoea kula furu, alihamia kwa dagaa, na kwa kuwa dagaa ni mdogo ilimbidi avue wengi zaidi ili ashibe.

Udhaifu wake uko sehemu tatu. Kwanza, haielezi ule ukimya wa muda mrefu. Pili, haielezi kwa nini mbipi wa miambani, ambako sangara hafiki kwa urahisi, nao walipoteza spishi. Tatu, haielezi kurudi kwa baadhi ya furu tangu miaka ya 1990 wakati sangara bado yupo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: samaki huyu ndiye aliyejenga uchumi wa mialo yote tunayoijua leo. Samaki waliovuliwa ziwa zima walipanda kutoka takriban tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970 hadi kukaribia tani milioni moja katika miongo iliyofuata. Dagaa wana sehemu kubwa ya ongezeko hilo, lakini viwanda, barabara za mialoni na fedha za kigeni vilikuja na minofu ya sangara.

Hoja ya pili: tatizo ni nyavu

Hii ndiyo hoja ya serikali, na ndiyo inayomgusa mvuvi moja kwa moja. Inasema samaki wanapungua kwa sababu wavuvi wamezidi na zana ni haramu: kokoro linalokokota mazalia, timba linalonasa kila kitu, katuli inayotimua samaki kutoka kwenye maficho, na nyavu za macho madogo.

Takwimu zinaipa uzito. Wavuvi wa ziwa zima walikuwa karibu 130,000 mwaka 2000. Katika miaka ya 2010 walizidi 200,000. Biashara ya mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) ya kwenda China imeongeza bei ya sangara wakubwa, na hao wakubwa ndio majike yenye mayai mengi. Hata furu walionja makali ya nyavu mapema: katika miaka ya 1970 meli za kukokota nyavu zilivua furu kwenye ghuba hii kwa ajili ya kiwanda cha unga wa samaki cha Mwanza, na samaki hao walianza kupungua hapo kabla ya mlipuko wa sangara.

Kutokana na hoja hii nchi tatu za ziwa, Tanzania, Kenya na Uganda, zilikubaliana, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililoundwa 1994, kwamba sangara wanaoruhusiwa wawe wa sentimeta 50 hadi 85. Ndipo pia zilipotoka operesheni: Uganda ilipeleka jeshi ziwani 2017, na Tanzania ikaendesha Operesheni Sangara 2018, nyavu zikachomwa na watu wakatozwa faini nzito.

Udhaifu wake ni kwamba inamtendea kila samaki kana kwamba anaishi peke yake. Sangara hula watoto wake. Ukilinda wakubwa na wadogo kwa pamoja, haimaanishi idadi itaongezeka kwa kiwango kilekile. Zaidi ya hapo, kupungua kwa sangara kutokana na uvuvi mkali ndiko kunakotajwa na watafiti wengi kuwa kulikowapa furu nafasi ya kupumua. Sheria inayomlinda sangara kwa ukamilifu inaweza kumrudisha furu kaburini.

Hoja ya tatu: tatizo ni maji yenyewe

Hoja hii haisikiki sana mialoni, ingawa ina historia ndefu. Inasema ziwa limelishwa rutuba kupita kiasi. Fosforasi na naitrojeni kutoka mashambani, vyooni na viwandani hulisha mwani. Mwani ukifa huzama na kuoza. Kuoza huko hula oksijeni ya vilindini.

Ushahidi umezikwa kwenye tope la sakafu ya ziwa. Sampuli zilizochimbwa na kuchapishwa 2002 na Dirk Verschuren na wenzake zilionyesha kuwa mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba, na kwamba oksijeni ya vilindini ilianza kupotea miaka ya 1960. Yote hayo yalikuja kabla ya mlipuko wa sangara. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sahani nyeupe ya kupimia uangavu, iliyoshushwa kwenye maji ya wazi, ilionekana hadi mita 7 au 8. Kufikia miaka ya 1990 mara nyingi ilipotea machoni kabla ya mita 3.

Hapa ndipo hatima ya mbipi inapoeleweka. Majike ya furu hao humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake, kwa kazi waliyoifanya kwenye visiwa vya eneo hili, walionyesha kuwa maji yanapofifia jike halitofautishi tena dume jekundu na la buluu. Spishi mbili huchanganyika na kubaki moja, bila sangara hata mmoja kufungua mdomo.

Hoja hii pia inatoa jibu la ule ukimya. Furu walikuwa wengi kiasi cha kula na kushindana na vifaranga vya sangara. Walipodhoofika kwa maji kufifia na kwa nyavu, kizuizi kikaondoka. Ni dhana inayojadiliwa bado, lakini inapatana na nyakati kuliko zile nyingine.

Nayo ina udhaifu. Inaeleza vizuri mwelekeo wa miongo mingi, lakini inashindwa kueleza anguko la ghafla la miaka minne kwenye ghuba moja. Na kuna ukweli mchungu ambao Jeppe Kolding, Oliva Mkumbo na wenzao waliuweka wazi 2008: rutuba hiyohiyo ndiyo iliyolisha mavuno makubwa. Ziwa angavu la mwaka 1927 lisingeweza kutoa karibu tani milioni moja za samaki. Rutuba huinua mavuno hadi kiwango fulani, halafu upungufu wa oksijeni huyaporomosha.

Hoja ya nne: ziwa ni shamba, tulilime

Wanaoshika hoja hii wanasema ziwa la zamani halirudi, kwa hiyo tufuge. Serikali imehamasisha vizimba vya sato kwenye mwambao wa Mwanza, na vijana na vikundi wamepewa mikopo ya kuanzia.

Faida zake ni wazi: ajira, samaki wa uhakika, na mzigo mdogo kwa samaki wa asili. Lakini kizimba hakijajitenga na ziwa. Chakula kisicholiwa na kinyesi cha sato huongeza rutuba ileile inayolalamikiwa kwenye hoja ya tatu. Chakula chenyewe mara nyingi hutengenezwa kwa dagaa, ambao wangekuwa kitoweo cha mlo wa familia maskini au cha sangara. Na samaki aliyefungwa hawezi kukimbia maji yaliyokosa oksijeni. Hata sangara walio huru, mwishoni mwa 2020 na Januari 2021, walikufa kwa wingi upande wa Uganda na Kenya, na mamlaka za huko zikataja dhoruba zilizovuruga maji na kushusha oksijeni. Sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko furu. Sato wa kizimbani hana hata nafasi ya kuitafuta.

Kuzipima hoja

Hoja hizi zikiwekwa pamoja, inaonekana kila sababu ilifungua mlango wa inayofuata. Sangara mwenyewe ni mfano. Furu walianikwa juani. Sangara ana mafuta mengi, hakauki kwa jua, hubanikwa kwa kuni. Kuni zilikata miti ya mwambao na visiwani, ardhi ikabaki wazi, mvua ikasomba udongo, na udongo ukabeba rutuba hadi ziwani. Mla nyama akageuka kuwa mchafuzi wa maji kupitia jiko la mbaniko. Magugu maji nayo, yaliyoonekana ziwani karibu na 1989 na kuletwa kwa wingi na Mto Kagera, yalikuta meza imeandaliwa. Mbawakavu walioachiwa kuyala, pamoja na dhoruba za El Niño ya 1997/98, waliyapunguza, lakini rutuba inayoyalisha ilibaki, na ndiyo sababu magugu hurudi.

Viumbe nao hawakukaa wakingoja kufa. Furu wanaokula vijidudu vya majini, waliorudi tangu miaka ya 1990, wanatofautiana na babu zao: baadhi yao wana matamvua makubwa zaidi ya kuvutia hewa kwenye maji yenye oksijeni haba, na wanakula vyakula vikubwa na vya aina nyingi kuliko zamani. Dagaa wakaanza kuzaa wakiwa wadogo. Ziwa linaendelea kuishi, ila kwa mpangilio wa viumbe wachache wanaofanya kazi nyingi. Mpangilio wa namna hiyo hutoa mavuno makubwa, lakini mmoja akiyumba hakuna wa kushika nafasi yake.

Tukirudi kwenye swali la wapi pa kuanzia, kigezo kizuri ni kipi kati ya vitu hivi kinavibeba vingine. Sangara anaweza kudhibitiwa kwa uvuvi wenyewe, na tayari unamdhibiti. Nyavu zinaweza kusimamiwa, na usimamizi unahitajika hasa kwenye mazalia. Lakini mwanga na oksijeni ndivyo vinavyoamua kama furu atamjua mwenzi wake, kama sangara ataweza kushuka vilindini, na kama kizimba kitaona asubuhi. Kwa hiyo maji ndiyo yanayobeba mengine yote.

Sera zetu zimepangwa kinyume. Nguvu nyingi zimeelekezwa kwa mvuvi kwa sababu anaonekana: ana mtumbwi, ana wavu, anaweza kukamatwa. Rutuba haina mwenyewe wa kukamatwa. Inatoka Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji, inatoka kwenye vyoo vya milimani visivyo na bomba la majitaka, inatoka kwenye mashamba ya bonde zima hadi Rwanda na Burundi. Sehemu kubwa ya fosforasi huingia hata kwa njia ya hewa, kwa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa kiangazi, kama vipimo vilivyofanywa upande wetu wa ziwa vilivyoonyesha. Mkulima anayechoma majani mbali na mwambao anachangia kufifia kwa maji ya Kamanga bila kujua.

Gharama za kila uamuzi

Kuanza na maji kuna bei yake. Mabomba ya majitaka ni ghali, na matunda yake huonekana baada ya miaka mingi kwa sababu ziwa huachia uchafu polepole. Mavuno ya jumla yanaweza kupungua kiasi maji yakianza kung'aa. Hakuna mwanasiasa anayependa ahadi kama hiyo. Lakini Mwanza ina sababu nzito: maji ya bomba ya jiji huchotwa Capri Point na Butimba, kutoka kwenye ghuba hiihii. Kusafisha ghuba ni kupunguza gharama ya kusafisha maji ya kunywa.

Kuhusu nyavu, uamuzi ni kati ya kulinda ukubwa wa samaki na kulinda mahali. Kulinda mahali, yaani kufunga mazalia na miamba ya mbipi kwa zana zote, kunasimamiwa kwa urahisi zaidi na vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU) kuliko kupima kila samaki kwa rula, na hakumlindi sangara kwa gharama ya furu. Kuhusu vizimba, uamuzi ni wa nafasi: vikiwekwa kwenye maji yenye mkondo na kina, kwa idadi inayolingana na uwezo wa eneo, vina manufaa; vikirundikwa kwenye vihori vilivyotulia, vinajichimbia kaburi.

Kwa muhtasari

Sangara aliwala furu, hilo halina ubishi; lakini aliwakuta wamekwisha kudhoofishwa. Nyavu zimezidi, na mazalia yanahitaji ulinzi. Lakini kumkamua mvuvi peke yake hakutarudisha oksijeni vilindini. Vizimba vinaweza kusaidia, ila haviwezi kustawi kwenye maji ambayo vyenyewe vinayaharibu. Rutuba iliyozidi ilianza kabla ya mlipuko wa sangara na vizimba, ndiyo inayoviunganisha vyote, na ndiyo iliyopewa nafasi ndogo kuliko zote kwenye bajeti na kwenye operesheni.

Basi mpangilio unaofaa ni huu: kwanza majitaka, kingo za mito na uchomaji wa mashamba, pili ulinzi wa mazalia na miamba, tatu uvuvi wa sangara unaoendelea kwa kiasi, bila kumfanya mfalme wala adui, na mwisho vizimba, kwa vipimo. Siku mkurugenzi wa jiji na afisa kilimo wa wilaya watakapoulizwa kuhusu samaki kwa ukali uleule anaoulizwa mvuvi wa Kamanga, ndipo usimamizi wa ziwa utakuwa umeanza kulingana na ziwa lenyewe.